Diski Iliyokufa Machi

Kwa miaka ishirini na mbili Wenseslaus wa Uru aliandika kwa mkono madaftari ya mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo: mpaka unapita wapi, mzee gani alishuhudia. Mwaka 2001 katibu mpya wa kijiji, Basili, aliyaingiza yote kwenye kompyuta, akayachoma madaftari nyuma ya ofisi, akamwambia mzee akapalilie migomba.

"Humu mna diski mbili," alisema mbele ya watu. "Kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Moja ikifa, nyingine ipo. Wewe ukifa tunabaki na nani?"

Watu walicheka. Wenseslaus alishuka Moshi, akanunua kitabu cha kompyuta kilichochakaa, akakisoma na kamusi pembeni, kama tulivyosoma sisi tusio na walimu. Kilabuni, mbege mkononi, alisema wazi kwamba anamsubiri Basili.

Alimsubiri miaka mitatu. Basili alifika na kompyuta ndani ya pikapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuchoma nini tena?"

Diski zote mbili zilikuwa zimekufa na mafundi wa mjini wameshindwa. Ijumaa baraza la ardhi lingesikiliza shauri la Salvina, mjane aliyedai Basili, jirani yake, amemega kihamba chake. Baraza lilitaka kuona kumbukumbu.

"Hii ya juu ndiyo yenye habari mpya, imekufa juzi," Basili alieleza. "Ile nyingine ilikufa Machi. Itupe tu."

"Tangu Machi hamkuweka nyingine?"

"Mashine ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inakuandikia onyo kila siku. Wewe kusoma hujazoea."

Wenseslaus hakutupa kitu. Wala hakuziwasha pamoja, maana diski ya zamani na mpya zikikutanishwa ovyo, moja huandikwa juu ya nyingine. Alizinakili kila moja peke yake, kwa kusoma tu. Ya juu ilikwaruza kama panya darini siku nzima, ikatoa karibu yote. Ya Machi ilikuwa na doa dogo. Mashine iliitenga kwa kosa moja na haikuigusa tena.

Akafungua ukurasa wa Salvina katika nakala zote mbili. Katika ile mpya mpaka ulipita kwenye mparachichi. Katika ile ya Machi ulipita kwenye mfereji, hatua arobaini mbele, kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe mwaka 1983. Tarehe ilionyesha Basili ameubadilisha Juni, na diski ya Machi haikuwepo kuambiwa.

"Basi tumwambie arudishe, yaishe," Salvina alimsihi alipoonyeshwa.

"Yaishe kwa nani? Nataka ayasome kwa mdomo wake."

Alizichapisha kurasa hizo stesheneri, na kule kuna midomo. Alhamisi asubuhi Basili alionekana getini ameshika jani la sale. Kwetu anayekuletea sale akiomba msamaha humkatalii, hata kama amekuulia ndugu. Siku hizi sale ni pambo la mbele ya hoteli na vijana wanalipita kama nyasi, lakini Wenseslaus alijua, na Basili alijua kwamba anajua. Mzee alitokea mlango wa nyuma, karatasi ndani ya koti, akapita migombani na kushuka hadi Rau kwa dada yake. Wapo wanaosema aliikimbia mila. Mila haikusema ukae nyumbani.

Ijumaa aliziweka kurasa mbili mezani, mbele ya baraza.

"Soma, Basili. Zote."

Ya kwanza aliisoma vizuri. Ya pili ilimshinda kwenye jina la shahidi.

"Hatujasikia," mzee alisema.

"Kornel."

"Kornel yupi? Wako wengi."

"Baba yangu."

Baraza lilimrudishia Salvina hatua zake arobaini na kumwondoa Basili ofisini. Nje, Basili alilitoa jani, sasa limenyauka, akamnyooshea mzee bila kumtazama. Wenseslaus alilipokea kwa mikono miwili, watu wote wakiona.

"Nimekusamehe," alisema. "Jumatatu ulete funguo za ofisi."