Mihogo Yenye Majina ya Wanawake

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji na kuni, huko kwetu Kabambare, mwaka ule Koko wangu alipoitwa mlozi, yaani mchawi, kwa kosa la kusema kweli mapema. Koko ndivyo tulivyomwita mama mzazi wa baba yangu. Watu hupenda kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu waliokataa kusikia wanatembea vizuri mpaka leo, na aliyevunjwa guu ni mkuu mwenyewe. Nimejaribu mara nyingi kusimulia jambo hili bila hasira, na sijaweza.

Katika kijiji chetu mwanamke aliyeolewa alikuja na mzigo wa vijiti vya muhogo alivyokata katika shamba la mama yake. Alivipanda kwa mkono wake, na tangu siku hiyo muhogo wa aina ile uliitwa kwa jina lake, hata baada ya yeye kufa. Shamba la Koko lilijaa wanawake wa namna hiyo. Feza alikuwa mrefu, mwenye shina jekundu. Sifa alikuwa mfupi, ametanua matawi, na chini yake magugu hayakupata nafasi. Machozi alikuwa mchungu wa kulowekwa mtoni mpaka alainike, na alipandwa upande wa msitu, kwa sababu nguruwe pori walikuwa wamemwonja wakaenda zao. Walikuwapo na wengine ambao majina yao nimeyasahau, jambo linaloniuma.

Imani ilikuwa hii: aina ya mwanamke ikipotea shambani, mwenyewe anatoka kaburini anarudi kwa wazazi wake, na mahali alipokuwa amesimama inaingia njaa. Sisi watoto tuliogopa kung'oa hata mche uliokauka. Lakini pia tulilipenda shamba lile, maana lilikuwa na watu wake wengi. Nyuki walikuja kwenye maua ya Feza, buibui walitanda nyuzi kati ya matawi, ndege walijenga humo, na panzi tuliwakamata tukawachoma.

Baba alikuwa na shamba lake upande wa pili wa kijito. Wakati ule Salamabila ilikuwa imejaa wachimbaji wa dhahabu, na wachimbaji hawalimi, wanakula. Walitaka unga mweupe, mtamu, na waliutaka haraka. Mchuuzi mmoja wa pikipiki akamletea baba vijiti vya muhogo mpya unaokomaa upesi. Baba akang'oa aina zote za zamani, akapanda huo mmoja tu, kutoka kijito mpaka barabara. Koko alikwenda kumwona akifanya kazi. Nilikuwa nimembebea kibuyu cha maji, kwa hiyo niliyasikia maneno yao.

“Mwanangu, unafukuza wamama wote, unabakisha bibi-arusi moja,” Koko alisema. “Huyo akigonjwa, nani atapika?”

Baba alicheka. “Mama, hii ni muti ya kula. Haiko watu.”

“Weye cheka tu. Njaa inakuya, na itakukuta hapa hapa.”

Alisema hivyo kwa sauti, kama mama anayemgombeza mtoto wake, na majirani waliokuwa wanapita walisikia. Nataka msomaji alishike neno hilo, kwa sababu baadaye lilishikwa na wengine vibaya.

Sitamdanganya mtu: mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri sana. Tuliezeka nyumba kwa bati, nikapata viatu vya kwenda shule, na majirani wote, akiwemo Mama Zaina aliyepakana nasi, wakaomba vijiti kwa baba. Kilima kizima kikawa na muhogo mmoja, wa kimo kimoja. Nilipopita humo niliona kimya kimenizunguka, hakuna panzi wa kuchoma. Ukitikisa majani, wadudu weupe wadogo waliruka kama vumbi la unga.

Kisha majani yakaanza kujikunja na kupata mabaka ya manjano. Ugonjwa ulianza katika mashamba ya barabarani, ukatembea mche hadi mche bila kukuta kizuizi, kwa sababu kila mche ulikuwa ndugu pacha wa mwenzake. Tulichimba tukapata mizizi myembamba kama vidole. Bukari, ugali wetu wa muhogo, ikawa ya mara moja kwa siku, halafu tukala leo na kesho tukakosa, na sombe yenyewe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa ya majani mabovu. Mtoto mdogo wa Mama Zaina alivimba miguu, nywele zikageuka rangi, akafa.

Shamba la Koko lilibaki kijani. Si lote. Sifa aliugua akaisha kabisa, na wengine walidhoofika. Lakini Feza hakuguswa, Machozi hakuguswa, na ugonjwa ulipowafikia hao ulikosa pa kupita. Watu hawakuitazama ile miche iliyokufa. Waliitazama iliyosimama.

Kapita, mkubwa wa kijiji, aliita watu kwenye uwanja wake baada ya ibada. Mama Zaina ndiye aliyesimama kwanza, na kilio chake mpaka leo siwezi kukidharau.

“Mutoto wangu amekufa na njaa,” alisema. “Huyu mama alisema njaa itakuya, ikakuya. Shamba zetu zote zimekufa, yake iko inaota. Mutanieleza namna gani?”

Koko alijibu akiwa amekaa chini. “Niliwaambia ili musing'oe. Kama miye ndiye niliituma, ningewaambia kwa nini?”

Kapita akamgeukia baba. “Weye ni mwanawe. Sema.”

Baba alikuwa ameshika kofia yake mikononi. Angeweza kusema kwamba mama yake alimwonya yeye, mbele yangu, kwa upendo. Angeweza kusema kwamba vijiti vilitoka mkononi mwake mwenyewe. Alisema, “Miye sijue kitu.” Basi, ikaisha hapo. Koko akafungiwa mkeka na sufuria yake, akapelekwa Lusangi kwa kaka yake.

Mwenye njaa hana miiko. Kabla majuma mengi hayajapita, wale wale waliomfukuza walikuwa ndani ya shamba lake wakikata vijiti vya Feza na Machozi, na Mama Zaina alikuwa mmoja wao. Baba naye alikata. Kilima kikarudi kuwa kijani kwa mihogo ya mlozi, na hakuna aliyekwenda Lusangi kumwita. Alikufa huko, na habari ilitufikia akiwa ameshazikwa.

Leo naishi Kasongo, nalima nje kidogo ya mji, na nachanganya aina kwa makusudi. Wataalamu wa kilimo nao wanatuambia tufanye hivyo: aina moja ikishikwa, nyingine inasimama, na shamba la mchanganyiko linalisha hata wale wadudu wanaowala waharibifu. Sijui kama wafu wanalinda mashamba. Najua kwamba imani ile ilikuwa imebeba kitu cha kweli, na kwamba imani nyingine, ya ulozi, ilitosha kukitupa.

Baba ni mzee sasa, anakaa kwangu. Mwaka huu, tukimenya mihogo uani, nilimweleza yote polepole: wadudu weupe walioueneza ugonjwa, sababu ya Feza kupona. Alisikiliza vizuri, hata akauliza maswali. Kisha akaweka muhogo chini, kisu kikiwa bado mkononi.

“Kama iko hivyo,” alisema, “basi mama yangu nilimufukuza bure.”

Nilingoja. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu utoto.

Akatikisa kichwa. “Hapana. Alikuwa mulozi. Lazima alikuwa mulozi.”

Nilielewa kwamba nikimshinda kwa maneno, sitabaki na baba; nikinyamaza, Koko atabaki mlozi katika nyumba yangu mwenyewe, mbele ya wanangu. Nilichukua kile kisu mkononi mwake nikaendelea kumenya. Ananiomba nimsamehe makosa mengine madogo madogo, kila jioni, kabla ya kulala. Hilo moja hajaliomba, nami sijui nitamzikaje.