Padri Nikolao na Jibu la Siku ya Tatu

Padri Nikolao hajui utani. Nasema hivyo nikiwa nampenda, na ukimsema wewe tutagombana. Amekuwa paroko wetu miaka kumi na sita, hapa kando ya barabara ya Masasi kwenda Ndanda. Sisi nyumbani ni Waislamu, lakini nasema "wetu" kwa sababu pikipiki yake hubeba wajawazito wote bila kuwauliza dini, na ikizimika njiani wote huisukuma sawasawa.

Shida ni kwamba yeye ni Mngoni na sisi ni Wayao. Mngoni na Myao ni watani tangu vita vya mababu, apende asipende. Baba yangu, Mzee Sadallah, alimwanza siku ileile alipohamia. Alimkuta anashusha mizigo, akajitwika godoro lake na kuondoka nalo.

"Mateka halalii godoro," alimwambia.

Mtani mwingine angejibu palepale, au angekamata kuku wetu. Padri alisema asante, akalala kwenye mkeka. Siku ya tatu alifika kwetu mbio, anahema, akasema, "Mzee Sadallah, mateka ni wewe." Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Ikawa hivyo miaka yote. Baba akimchokoza Jumatatu, jibu linafika Jumatano. Mara moja lilimjia katikati ya mahubiri, naye akalisema hapohapo. Wageni waliotoka Newala kwa ajili ya kipaimara hawajui mpaka leo kwa nini waliambiwa kwamba Wayao wanaogopa mbuzi.

Baba alikuwa na hofu moja tu. "Nikifa, Faidha, huyu asije akanililia kama mgeni," aliniambia. "Mtani akilia, nani atawachekesha ninyi?" Maana kwetu hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani: avae nguo za marehemu, amwigize, mpaka wafiwa wacheke.

Baba alifariki Novemba, korosho zikiwa bado hazijaokotwa. Siku ya maziko, pale msibani, watu wote walimtazama Padri. Badala ya utani, akaangua kilio kilichotushinda sisi watoto. Nilimkasirikia sana. Na Mama, Bi Swaumu, aliingia chumbani kukaa eda, akawa hali wala hasemi. Uji ulirudi kama ulivyokwenda, siku ya kwanza na ya pili. Niliogopa tutazika tena kabla ya arobaini.

Siku ya tatu kanzu ya Baba, tuliyoianika uani, ilikosekana. Nikiwa bado naitafuta, nikaona wanaume waliokaa mikekani wamegeuka wote. Kikohozi cha Baba kilikuwa kinakuja njiani, mara mbili mbili kama kawaida yake.

Alikuwa Padri. Kanzu ilimwishia magotini na chini yake kulikuwa na soksi. Alivua kofia, akapangusia kiti mara tatu, akaketi, akauliza nani amegusa redio yake. Mzee Awadhi, rafiki wa Baba, ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata. Mimi sikucheka. Nilikwenda jikoni nikamletea chai.

Akaonja. Akakunja uso.

"Mama Faidha, chai hii haina sukari."

Baba alisema maneno hayo kila asubuhi ya maisha yake. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu maziko, na jibu lake lilelile la kila asubuhi.

"Nimetia vijiko vinne, Baba Faidha. Kama huitaki, rudisha kikombe."

Mama akacheka. Halafu akalia, akalia sana, na alipomaliza akaomba uji.

Padri hakurudisha kikombe. Alikaa na kanzu yake fupi, machozi yanamtiririka, akainywa chai yote mpaka tone la mwisho. Nami nilikuwa nimeitia chumvi.