Nyanzala na Mwiko Wangu

Nyanzala ni jirani yangu hapa Sibwesa. Baba yake alihamia huku na ng'ombe zake kutoka Usukumani, huyu binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Leo anahudumia kwenye gari la wagonjwa Mpanda mjini. Aliporudi kutoka mafunzoni, wazee wa kilabuni walimtania.

"We mtoto wa mfugaji, umesomea kutibu watu au ndama?"

"Vyote, babu. Wewe nikuandike kundi gani?"

Mimi nami sikumtilia maanani. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1971, na huduma ya kwanza tulifundishwa. Nilijiona najua.

Mwezi wa sita, Jumamosi asubuhi, dume la ng'ombe lilimchoma mwanangu Hezron pembe pajani. Wenzake wakamleta uani kwangu kwenye mkokoteni. Damu nyekundu ya kung'aa ilikuwa inaruka, inakatika, inaruka. Nikachota ugoro nijaze kidonda, kama tunavyofanya siku zote.

"Mayu, acha ugoro!" Nyanzala alikuwa likizo kwao, kelele ndizo zilizomleta. Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

Akakandamiza kidonda kwa mikono miwili, uzito wake wote. Damu ikapita katikati ya vidole. Akanivua kitenge cha kiunoni, akakikunja kipana, akakifunga kuzunguka paja, juu kidogo ya kidonda.

"Nipe mwiko!"

Nikampa ule wa ugali. Akaupitisha kwenye fundo akauzungusha, Hezron analia kama mtoto, mpaka damu ikasimama. Akaufunga usifyatuke, kisha akamwandikia saa ya kufunga kwa kalamu kwenye paji la uso.

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito mbali. Tukapata pikapu ya mahindi. Tukamlaza chali nyuma, tukamfunika blanketi.

"Mama, maji," Hezron akasema.

"Asinywe kitu," Nyanzala akasema. "Huko hospitali watampasua."

Njiani gari likakwama mchangani. Nyanzala akashuka kusukuma pamoja na dereva. Nikabaki na mwanangu. Mguu umekuwa wa baridi, unabadilika rangi.

"Mama, unakufa huu mguu. Legeza kidogo."

Shuleni tulifundishwa hivyo hivyo: kila baada ya muda, legeza, damu ipite. Nikalegeza mwiko.

Damu ikaruka mpaka kifuani kwangu. Nikapiga kelele. Nyanzala akadandia, akanisukuma pembeni, akazungusha upya. Hezron hakulia tena. Midomo ilikuwa kama majivu.

"Zamani walifundisha hivyo," akasema, anahema. "Sasa hivi hailegezwi mpaka kwa daktari. Mguu unaweza kungoja, mayu. Damu haingoji."

Gari likanasuka, tukaendelea. Alishika mwiko kwa mkono mmoja, kwa mwingine anapima mapigo shingoni, na kila mara namtazama usoni nijue kama bado yapo.

Hospitali, daktari akasoma saa kwenye paji la uso, akaangalia kitenge kilicholowa.

"Nani alilegeza hii?"

Nyanzala akainamisha macho. Nilimwona anataka kunificha. Lakini daktari alikuwa anamtazama yeye, na vazi lake la kazi hakuwa nalo siku ile, angeonekana mtu asiyejua.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alifunga sawasawa. Mimi mama yake ndiye niliyelegeza."

Wakamwongezea damu chupa tatu. Hezron anatembea, anachechemea kidogo. Kilabuni sasa Nyanzala anafundisha kufunga jeraha linalovuja damu, na mwiko anaofundishia ni wangu. Mara ya kwanza aliniita mbele nieleze kwa nini hailegezwi. Nilieleza.