Ng'ombe Asiyeenea Safuni

Enzi za Mwingereza, Mzee Koikai wa Oldonyo Sambu hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake, kwani kwao kuhesabu mifugo ni kuita hasara. Kila jioni alisimama langoni, akawatazama wakiingia, akalijua pengo kama ulimi ujuavyo jino lililong'oka. Ndivyo siku moja alivyogundua kuwa ng'ombe wake wa maziwa hayupo.

Alimfuatilia hadi Arusha mjini, kwenye boma la Serikali la mifugo iliyopotea. Ambaye hangetambuliwa kufikia adhuhuri angepigwa mnada. Karani wa boma, Hatibu, mtu wa suruali nyeupe na kalamu mbili, alifungua daftari.

"Shikamoo, mzee. Una ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Wote."

"Wote ni wangapi?"

"Wale ambao jioni hawapungui."

Hatibu akachovya kalamu. "Aliyepotea ana rangi gani?"

"Wa udongo ulionyeshewa jana, si leo. Ubavuni ana doa kama uji uliomwagika. Doa hilo ni la bibi yake. Mama yake hakuwa nalo, alilipitisha tu. Pembe ya kushoto ameirithi kwa baba, yule fahali mkorofi wa shemeji yangu…"

"Mzee, safu yenyewe ni upana wa vidole viwili!" Hatibu akaandika: *Mwekundu, jike, pembe mbili.*

Walipochungulia bomani, wekundu wa pembe mbili walikuwa kumi na mmoja, wote wametapakaa tope hadi mgongoni. Madoa yote yamefunikwa! Mzee alimjua wake papo hapo, lakini karani alitaka ushahidi, na jua lilikuwa karibu utosini.

Ndipo alipofika mkewe, Nkasiogi, akihema, kibuyu mkononi.

"Baba Naeku, tangu asubuhi mnamsimulia tu? Mmemuuliza mwenyewe?"

Akaegemea ua, akaimba wimbo wake wa kukamulia. Kumi waliendelea kutafuna. Mmoja akainua kichwa, akawasukuma wenzake, akaja hadi langoni huku maziwa yakimdondoka.

Hatibu alimtazama ng'ombe, akalitazama daftari. "Mama, ng'ombe huyu kayaweka wapi yote hayo, bila daftari?"

"Mwanangu, fungua lango kwanza."

Alipofungua, ng'ombe hakungoja taratibu. Alishika njia ya kwao mlimani, wazee nyuma yake, na nyuma yao Hatibu, mbio, daftari kwapani, kidau cha wino mkononi.

"Dole gumba, mzee! Dole gumba tu!"

Koikai akalitia akitembea.