Askari Aliyefunga Koti Kike

Jumamosi, katika duka la mpiga picha hapa Tabora, bibi mmoja aliyekuja kwa treni kutoka Tura aliinyooshea kidole picha kuukuu ya askari, iliyoandikwa chini "Hajulikani".

"Huyu kaka yangu. Alikwenda vitani, hakurudi. Sura yake sina."

"Bibi, umesema kovu lilikuwa shavu la kulia," alijibu mwenye duka, Mhindi mpole. "Hili ni la kushoto. Nikikosea, nitakupa marehemu wa watu wengine."

Bibi akashusha mkono. Mimi, nisiyeweza kuona kifungo bila kukikagua, nikagundua koti la askari limefungwa kama blauzi yangu, upande wa kike.

"Picha imechapwa kinyume," nikasema, nikaipeleka mbele ya kioo ambacho wateja huchania nywele. Ndani ya kioo, vifungo vikakaa kiume na kovu likahamia kulia.

Bibi akapiga goti. "Shikamoo, kaka," alimwambia kijana wa miaka ishirini ndani ya kioo.

Mwenye duka akamfungia picha ile kwa gazeti. Nadhani lilikuwa hili letu ninaloliandikia. Basi, angalau safari hii lilibeba habari ya uhakika.