Siku Niliyowakumbatisha Paluku na Kambale

"Masika, mwana wangu, ule mukubwa, mule ndani ya chuma, anajua kama ule mwengine ni mudogo yake?"

Niliulizwa hivyo mchana kweupe, mikro ya kupazia sauti mkononi, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na sikuwa na jibu, mimi ambaye nyumbani kwetu nilijulikana kwa kujibu hata yale ambayo hakuna aliyeuliza. Aibu ya siku ile bado inanifuata. Nikipita soko la Butembo pana mama mmoja wa ndizi ambaye mpaka leo ananiita Mujaponé, na watoto wake, ambao hawakuwa wamezaliwa, wanacheka bila kujua wanacheka nini.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vita, nimerudi nyumbani na nusu ya masomo kichwani, sina kazi, ninazunguka nikibishana na kila mtu: na mchungaji juu ya Yona na samaki, na baba juu ya majina yetu ya Kinande (kwa nini msichana wa kwanza lazima awe Masika, mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, kama magunia yanayopewa alama, huo si uvivu wa kufikiri?), na zaidi ya wote na mtafsiri wa ukumbi wa video wa noncle Kasereka, mdogo wa mama. Huyo mtafsiri tulimwita Dokta. Filamu ikiwa ya Kichina, ya Kihindi, ya Kiingereza, Dokta alisimama kando ya televizyo akaieleza kwa Kiswahili chetu, na watu walimpenda, na mimi nilisimama mlangoni nikisema kwa sauti ya kusikika kwamba anadanganya, hajui hata neno moja, yule mzungu hakutaja mbuzi mahali popote.

Siku moja Dokta akaenda zake Manguredjipa kutafuta dhahabu, kama vijana wengi wa wakati ule, na siku hiyohiyo wafanyabiashara wakaleta kaseti mpya kutoka Kampala, kwenye karatasi yake watu wawili wa chuma wakubwa kama mlima wanapigana juu ya dunia. Ukumbi ukajaa mapema. Wanajeshi wakakaa benchi la mbele, bunduki katikati ya magoti, kwa sababu mji ulikuwa wao na benchi la mbele lilikuwa lao. Noncle akaniita.

"Masika, si weye ndiye unasemaka Dokta anadanganyaka batu? Basi kamata mikro."

Ningeweza kusema sijui. Ni maneno mawili tu, "noncle, sijui", na nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini nilikuwa nimesoma Kiingereza, na Kifaransa ninacho, nikajiambia itakuwa moja kati ya hizo mbili, nikaikamata mikro. Groupe, ile mashine ya umeme, ikanguruma nyuma ya ukuta, picha ikatokea, mtu akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kijapani. Kijapani kitupu, bila hata mstari wa maandishi chini.

Nikatazama mlango. Umejaa watu.

Basi nikaanza. Nikaona dunia kutoka juu, imejaa moshi, na watu wamepanga mstari na mizigo kichwani wakiingia kwenye merikebu kubwa za angani, nikasema dunia imechoka, wakubwa wanabishana kama binadamu wabaki au wahamie kwenye nyota. (Hapo nadhani sikukosea sana.)

"Ba-réfugié hao!" akasema mtu nyuma, na wengine wakaguna, kwa sababu mizigo ile ya wakimbizi walikuwa wanaijua.

"Na huko kwa nyota, barrière iko ya nani?" akauliza mwingine, akimaanisha vizuizi vya njiani ambako wanajeshi walitutoza pesa, na ukumbi ukacheka, isipokuwa benchi la mbele.

Wakatokea marubani wawili. Kila mmoja akaingia ndani ya mtu wake wa chuma, mmoja mweusi, mmoja wa rangi ya maziwa, vifuniko vikajifunga, nyuso hazionekani tena. Desturi ya ukumbi wetu ni kwamba watu wa filamu lazima wapewe majina ya kwetu, la sivyo hakuna anayefuata, kwa hiyo nikatoa mawili ya kwanza yaliyonijia: mweusi Paluku, anayetaka watu wote waondoke, na mweupe Kambale, anayetaka wabaki.

Kwangu yalikuwa majina tu. Kwa ukumbi mzima, palepale, wakawa mtoto wa kwanza na mtoto wa pili.

"Ah! Donc ni ndugu, mama moya!"

"Banapigania nini? Shamba?"

"Si anasema! Mukubwa aliuzisha shamba ya baba, sasa anafukuza batu!"

"Mukubwa ni mukubwa, mudogo asikilize!"

"Asikilize nini, na shamba imekwisha?"

Nilijaribu kuwaambia kwamba ni dunia nzima, si shamba, lakini nani alinisikia, wazee wawili walikuwa wamesimama wakigombana juu ya mirathi, na kila bomu lililoruka kwenye televizyo likawa ni neno katika kesi ile. Na ndipo Mama Paluku alipouliza swali lake.

Mama Paluku aliuza mikate ya mafuta pale mlangoni, kila siku, na ndoo yake imefunikwa kitambaa. Wote tulijua kwamba Paluku wake ni mwanajeshi, yuko kambi ya Beni, na Kambale wake, kama alivyosema mwenyewe, anachimba dhahabu Manguredjipa. Hakuwa na tabia ya kuangalia filamu. Siku ile aliiacha ndoo nje akaja kusimama karibu nami, akauliza kwa sauti ndogo kama yule mkubwa anajua kwamba mwingine ni mdogo wake, na sijui kwa nini ukumbi wote uligeuka kusikiliza jibu langu.

Nikageuka kutazama picha, nikaona wale wawili wanakuja kwa kasi, uso kwa uso, na kwa sababu nilitaka mama huyu aridhike na mimi niokoke, nikapaza sauti: "Anajua! Sasa wanatambuana! Paluku anasema, mudogo wangu, samahani! Wanakumbatiana!"

Na hapohapo, mbele ya macho ya wote, yule mweusi akapitisha upanga wa moto tumboni mwa mweupe mpaka ukatokea mgongoni.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko kuliko kile chuma kilivyolipuka. Mwanajeshi mmoja, mzito, mwenye miwani ya jua humohumo gizani, akasimama polepole.

"Mademwazeli. Kukumbatiana gani hiyo?"

"Chef," nikasema (Mungu anisamehe), "Wajapani ndivyo wanakumbatianaka."

"Ah bon. Weye unajua Kijapani?"

"Ndiyo, chef."

"Nisalimie."

Nilitoa kitu. Sijui kilikuwa nini, kilianza kama jina la pikipiki na kuishia kama dawa ya malaria, na niliinama kidogo nikitoa, nilivyokuwa nimewaona kwenye filamu, nikarudi nyuma hatua moja kwa heshima, nikakanyaga waya. Waya ukanivuta, nikamvuta noncle, kitenge changu kikabaki kwenye msumari wa meza, na televizyo ikazimika, na mimi chini, na sketi ya ndani iliyotobolewa na panya nje, mbele ya jeshi na raia.

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Hata chef alicheka, na nilijua hapo kwamba sitakamatwa. Katikati ya kicheko tukasikia mtu analia, kilio kile cha kutoka tumboni, kinachopanda. Mtu akafungua dirisha la mbao. Aliyelia alikuwa Mama Paluku, amekaa chini, kitambaa mdomoni.

"Eh, mama analilia chuma!"

Kicheko kikaniacha mimi kikamhamia yeye, na nilifurahi sana kuachwa, hata nikacheka pamoja nao. Nilicheka kwa sauti.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa na hakika kwamba ni mimi niliyemliza, kwa uongo wangu na majina yangu, na nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu. Alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta. Hakuningoja nimalize.

"Hapana, binti yangu. Ulisema muzuri. Balikumbatiana."

Akanipa mkate wa moto, akaendelea na kazi.

Tangu hapo sijawahi kusema ninajua kitu nisichokijua, na sijampa mtu wa hadithi jina la Paluku wala Kambale, hata kwa mzaha. Bado ninauliza maswali mengi, lakini mtu akiniuliza mimi, ninasubiri kwanza nione ni nani anayeuliza.

Kwa miaka niliamini kwamba ni filamu yangu iliyomliza. Vita vilikwisha, au vilibadilisha jina, na tulipomzika Mama Paluku mwenyewe, mdogo wake aliyetoka Mabalako alinikalisha kando, nyuma ya jiko, akanieleza. Kambale hakuwahi kuchimba dhahabu. Alikuwa porini na wale waliopigana na wanajeshi wa Beni, na kumlilia waziwazi kungewaleta wanajeshi mlangoni. Aliuawa kwenye vita vya njia ya Manguredjipa, na kikosi cha Paluku kilikuwepo. Mtu wa baiskeli alimletea mama yao habari hiyo asubuhi ya siku ile ya filamu, kabla hajakanda unga.