Gita Lililoshindiliwa Sufi

Nakumbuka mpaka leo, mwanangu, siku niliyoteremka kwenye basi Lindi mjini nimekumbatia gita kifuani, nikijiona mshindi. Nakuhadithia kwa sababu jana umenionyesha kwenye simu picha ya gita la kale ulilolipata, na kabla hujalipiga hata mara moja umeniuliza ni fundi gani wa hapa Kilwa Masoko atakayekubadilishia hiki na kile. Tulia kwanza. Fundi hakimbii.

Zamani hizo nilikuwa mpiga gita wa bendi yetu hapa Masoko. Usicheke. Vidole hivi unavyoviona vinatetemeka vikishika kikombe viliwahi kuwainua watu kwenye viti. Tulipiga harusini, tukapiga sikukuu, tukaenda mpaka Nangurukuru na jenereta yetu juu ya magunia ya korosho. Ila gita langu lilikuwa ubao uliochongwa na seremala wa vitanda, na sauti yake ilikuwa kavu mno.

Sasa Lindi alikuwako Mzee Taibali, mwenye duka la vitambaa. Asili ya wazee wake ni Bara Hindi, lakini yeye hakuijua nchi nyingine ila Lindi, na akikasirika alimalizia kwa Kimwera. Ujanani alikuwa akipiga gita, jambo lisilopendwa kwao. Kisha maradhi yakampoozesha mkono wa kushoto, gita likabaki juu ya kabati limefungwa shuka. Nilisikia habari zake kwa watu, nikafunga safari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kweli kweli.

Shuka ilipofunguliwa nililisogelea nilitazame vizuri. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyofifia mpaka ikawa ya ukwaju, na vanishi imepasuka nyufa nyembamba kila mahali. Usoni lina matundu mawili marefu mfano wa herufi S. Mzee Taibali akanieleza kwamba ndani, katikati, limepitishwa gogo kutoka shingoni mpaka chini, na pande mbili za gogo ni wazi. Kwa hiyo si gita la ubao mtupu, wala si lile la tumbo kubwa linalopigwa bila umeme. Lina ya huku na ya kule.

"Siliuzi," akaniambia. "Mwanangu anataka lipelekwe Dar, kuna watu wanatafuta vitu vya kale wavitundike ukutani. Mie sitaki litundikwe. Lichukue, lipige, Idi ikipita uniletee nilisikie. Nikilitambua, lako. Nisipolitambua, basi, lende Dar."

Nilirudi Kilwa sioni njia kwa furaha. Gita lile nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na mchumba wangu wa wakati huo aliligundua hilo mapema akanuna.

Shida ikaanzia ukumbini. Nililichomeka, nikafungulia sauti mpaka mwisho kama nilivyozoea kwa ubao wangu, nikasimama mbele ya spika kwa madaha. Gita likapiga mluzi. Si mluzi wa kumwita mtu, ni wa kupasua kichwa. Bibi harusi aliziba masikio. Nikisogea linanyamaza. Nikirudi kwenye nafasi yangu ya maringo, linalia tena. Wenzangu wakasema gita bovu, nami nikaamua kwamba ubovu wake ni ule uwazi wa ndani. Debe tupu haliachi kuvuma, nikawaambia, na nikajiona nimesema la maana.

Mama yangu alikuwa akishona mito, na nyumbani hapakukosa gunia la sufi. Unaijua sufi, ile pamba nyepesi ya msufi, ukipiga chafya imehamia chumba cha pili. Nikaketi na gunia, nikawa naipenyeza kwenye yale matundu na kuishindilia kwa kijiti, mpaka gita likashiba. Mama akaniuliza kama nalo linataka kulala. Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya umeme, asingeyaelewa.

Na kweli mluzi ukakoma. Nilipiga Idi yote kwa raha, watu wakacheza. Sauti ilikuwa imepoa, lakini mimi niliuita upole ule utulivu. Ndiyo maana nilifika Lindi nikijiona mshindi.

Mzee Taibali alikuwa ameketi dukani, mkono wake mgonjwa umelala juu ya paja. Nikamwamkia, akaitikia. Hapakuwa na spika. "Piga hivyo hivyo," akasema, akainama akaweka sikio karibu na mbao. Nikapiga. Akanitazama, akasikiliza tena, kisha akainuka.

"Hili silo langu," akasema.

Nikamweleza haraka haraka habari ya mluzi na sufi, nikimweleza kama mtu aliyelitendea gita wema, nikamalizia na methali yangu ya debe. Aliniacha nimalize yote.

"Debe ni debe, kijana," akasema. "Ngoma kwenu Kilwa mnaijaza nini ndani?"

"Hatujazi kitu, mzee."

"Kwa nini?"

"Haitalia."

"Umejijibu mwenyewe. Gita lilikuwa linakwambia umesimama pabaya na unapayuka. Badala ya kusogea hatua mbili, umelitia mto mdomoni."

Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi.

Mkwewe, Zainabu, akaniletea waya wa mwavuli uliovunjika. Nikaupinda ncha, nikaketi sakafuni, nikaanza kuivuta sufi tonge kwa tonge. Ikapaa duka zima. Ikatua kwenye khanga, kwenye vitenge, kwenye ndevu za Mzee Taibali. Wateja wakauliza kama siku hizi pale panauzwa mito, na Zainabu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwa na kicheko. Niliogopa kwamba nimekwisha kuliharibu, na kwamba litakwenda kutundikwa kwa mtu asiyejua hata nyuzi zake ni ngapi.

Tonge la mwisho lilipotoka nilifuta macho. Tuseme ni sufi iliyoyaingia. Nikapiga tena, taratibu, bila madaha safari hii. Sauti ilikuwa ndogo, maana umeme haukuwapo, lakini ilikuwa na nafasi ndani yake. Niliihisi ikitetemeka kwenye mbavu zangu. Muda wote ule nilikuwa nikijisikiliza mwenyewe. Siku ile ndiyo nililisikiliza gita.

Mzee Taibali aliweka sikio kwenye mbao, akafumba macho. Nikamaliza. Bila kuinua kichwa, akasema polepole, "Marahaba."

Hakuwa akiniitikia mimi. Mimi nilikwisha kumwamkia tangu naingia. Aliliitikia gita.

"Nenda nalo," akaniambia, na akageuza uso upande wa vitambaa.

Nililipiga miaka mingi, nimesimama kando ya spika, sauti nimeishusha. Kila nilipofika Lindi nilipita dukani nikampigia, mpaka Mungu alipomchukua. Namkumbuka sana mzee yule.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu. Nyuzi zilizokufa badilisha, vumbi futa, hayo ni matunzo. Lakini usilipake rangi, usilizibe, usilibadilishe moyo kabla hujalijua. Lipige kwanza. Likikupigia mluzi, jiulize umesimama wapi na umepandisha sauti kiasi gani. Fanya hivyo hivyo kwa mkeo, Mungu akikujaalia mke, na kwa wazazi wako pia, maana nasi wazee tuna miluzi yetu. Usione vyaelea, vimeundwa. Aliyeacha uwazi ndani ya gita lile hakuwa amesahau kitu.

Mungu akupe masikio kabla ya vidole, mwanangu. Akujaalie na mtu wa kukukemea wakati sufi bado inatoka. Amin.